Machungwa mekundu ya Sicily, ni udongo au baridi?

mkulima_muheza: Wakuu, nimeona video ya machungwa ya Sicily, kile kisiwa cha Italia, ukilikata ndani jekundu kabisa. Pale Piana di Catania, tambarare yanakolimwa, ni udongo wa volkano ndo unafanya hivyo au wanapiga dawa?

kibarua_catania: Hamna dawa mkuu. Mi nimechuma huko, mchana jua linawaka vizuri tu, usiku baridi inashuka toka Etna, ile volkano yao, mlima una zaidi ya mita 3,300 na huko juu theluji, sasa hiyo tofauti ndo inatia rangi. Aina ya Tarocco inakuwa na mabakamabaka tu, aina ya Moro ndo inaelekea nyeusi, ikikuchuruzikia shati ndo basi tena.

dada_udongo: Majivu ya Etna yanachangia ila tambarare yenyewe zaidi ni tope la mto Simeto pamoja na Dittaino na Gornalunga. Enzi za Warumi ilikuwa ngano tupu. Malaria nayo ilitesa watu pale mpaka vinamasi vikakaushwa karne ya 20.

mkulima_muheza: Kwahiyo nikileta miche huku?

kibarua_catania: Utamu utapata, wekundu sahau, usiku wa Muheza joto. Na usiwaonee wivu sana, ukame wa 2024 uliwakamata vibaya, maji ya kumwagilia kwa mgao.