Nyumba ya vyumba viwili Milimani, Kisumu: nikague nini kabla ya kulipa?

mgeni_ksm
Habari zenu wadau. Nahamia Kisumu na familia, tuko wanne. Nimeonyeshwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala Milimani, ghorofa ya nne ambayo ndiyo ya mwisho. Kodi 45,000, ada ya huduma 4,000, dipoziti ya miezi miwili, na 5,000 za kuandika mkataba. Ajenti anataka nitume pesa leo kwa simu yake, eti nyumba itachukuliwa. Nianzie wapi?

karatasi_kwanza
Karibu Kisumu. Leo usitume hata shilingi. Jumlisha kwanza: hiyo ni 144,000 kabla hujaingiza kiti. Pesa za namna hiyo haziendi kwenye simu ya mtu, zinaingia kwenye akaunti iliyotajwa ndani ya mkataba. Omba namba ya ploti, ufanye searchi ofisi ya ardhi ujue mwenye nyumba ni nani. Ajenti naye akuonyeshe cheti cha usajili.

Dipoziti inajadilika, waombe iwe ya mwezi mmoja. Ila fahamu kwamba sheria ya kudhibiti kodi inagusa nyumba za kodi isiyozidi 2,500 tu. Kwa kodi yako, kinga ni mkataba wenyewe. Uandike dipoziti itarudi baada ya siku ngapi, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na notisi ni ya muda gani kwa pande zote mbili.

Kisha rangi. Hapo ndipo dipoziti nyingi huishia. Mkataba unasema "mpangaji atapaka rangi akitoka" bila kutaja vyumba wala aina ya rangi, na siku ya kuhama unaletewa hesabu inayolingana na dipoziti yote. Andikeni hali ya rangi ilivyo leo, na kwamba uchakavu wa kawaida si deni lako. Ukipewa funguo, piga video chumba kwa chumba, vitasa, sinki, kioo chenye ufa, umtumie mwenye nyumba palepale ili tarehe ibaki.

Mkataba wa mwaka mmoja pia ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwako ni 5,400. Bila stempu, mkataba haupokelewi kuwa ushahidi kwenye kesi ya madai. Na mkikosana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi milioni 1.

bomba_na_koki
Omera, ghorofa ya mwisho ina shida ya presha. Maji hupata presha ya bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya shawa, unabaki na 0.2. Shawa ya umeme ina swichi ndani inayosukumwa na maji, na msukumo ukipungua haiwaki, unaoga baridi. Nenda saa moja asubuhi wakati kila mtu anaoga, fungua shawa na koki ya jikoni pamoja, uweke ndoo ya lita 10 chini ya shawa. Ikipita dakika mbili haijajaa, uliza kama kuna pampu ya kuongeza presha, na stima yake inalipwa na nani.

Uliza pia ukubwa wa tangi. Lita 10,000 kwa nyumba 12 ni kama lita 830 kila moja. Watu wanne wakitumia 400 kwa siku, maji ya KIWASCO yakikatika mna siku mbili. Kama wana kisima, onja maji. Yakiwa na chumvi, shawa lazima iwe ile ya maji ya chumvi, maana chumvi hupitisha umeme, na bila waya wa ardhi utapigwa shoti.

mita_yangu
Stima: dai mita yako mwenyewe ya Kenya Power. Mkigawana mita moja, uniti za jengo zima zinajumlishwa, na zikipita 100 kwa mwezi bei ya uniti hupanda. Kabla ya kusaini, nunua tokeni kidogo kwa namba ya mita hiyo. Aliyehama akiacha deni, utaliona likikatwa. Shawa ya kilowati 5 kwa dakika 10 hula uniti 0.83. Watu wanne kila siku, mwezi ukiisha ni uniti 100 za shawa peke yake.

mgeni_ksm
Asanteni sana. Madirisha ya sebule yanatazama ziwa. Hiyo si faida?

jirani_wa_dunga
Ni faida kwa upepo, kwa sababu alasiri unavuma kutoka ziwani. Lakini jua la jioni nalo linaingia hapohapo, na slabu ya juu hubeba joto hadi usiku. Rudi saa kumi alasiri usimame ndani robo saa. Upepo utapita tu kama kuna dirisha upande wa pili.

Madirisha yote yawe na wavu wa mbu wa fremu ya kutoa, la sivyo taa zikiwaka wadudu wa ziwani watajaa sebuleni. Mwenye nyumba auweke kabla hujahamia, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.