Akira (1988): macho yameshiba ila stori imenipotea njiani, wadau nisaidieni

Sayari_ya_Nne:

Habari zenu wakuu. Jana usiku nimeicheki Akira kwa mara ya kwanza, ile anime (katuni ya Kijapani) ya Katsuhiro Otomo, na mpaka muda huu naandika kichwa bado hakijatulia. Ambaye hajaiona aishie hapa maana nitataja kila kitu mpaka mwisho.

Nianze na sifa kwanza kwasababu inazistahili. Ile sini ya mwanzo ya pikipiki usiku, Kaneda na genge lake la pikipiki wanawafukuza wale wapinzani wao, genge la Clowns, taa za nyuma zinaacha mstari mwekundu hewani halafu mstari unabaki kidogo ndo unafifia, niliirudisha mara tatu kabla sijaendelea. Na lile jiji la Neo-Tokyo, maghorofa juu ya maghorofa, madirisha yote yana taa na kila taa ina rangi yake, huoni sehemu mchoraji alichoka akaacha. Yaani kitu cha mwaka 1988, kimechorwa kwa mkono, na bado anime nyingi za sasa naziona haziifikii.

Sasa shida. Muvi ina dakika 124, saa ya kwanza nilikuwa naenda nayo vizuri tu, Tetsuo, rafiki wa Kaneda kwenye genge, anapata ajali alipokaribia kumgonga yule mtoto mwenye sura ya mzee, jeshi linamchukua, anaanza kupata nguvu, sawa. Baada ya hapo nikapotea. Kuna kanali anapindua serikali, kuna mbunge anashirikiana na waasi halafu anawageuka, kuna watu wa dini barabarani wanamsubiri Akira, na Akira mwenyewe ambaye muvi nzima imebeba jina lake tunakuja kumkuta kwenye chupa za maabara chini ya uwanja wa Olimpiki!! Halafu mwisho Tetsuo anavimba anakuwa linyama likubwa, mwanga mweupe, sauti inasema "mimi ni Tetsuo", imeisha.

Swali langu: ni mimi ndo sijaelewa au muvi yenyewe haijajieleza? Na je nyie mliielewa mara ya kwanza? Naomba majibu ya kweli, maana nimeipenda kwa macho na nataka niipende na kwa akili pia.

---

mchora_fremu:

Mkuu karibu sana. Mimi nachora animesheni kwahiyo nitaongelea upande wangu, ya stori nawaachia wengine.

Unachokiona pale hakikutokea kwa bahati. Walitumia karatasi angavu za kuchorea zaidi ya 160,000 na rangi 327, na kati ya hizo 50 zilitengenezwa kwa ajili ya hii muvi tu. Sababu kubwa ni usiku. Animesheni nyingi za zamani zilikuwa zinakwepa sini za usiku kwasababu usiku unataka rangi nyingi zinazokaribiana, bluu iliyokolea, bluu ya kijani, zambarau, ukikosea kidogo mhusika anamezwa na giza. Otomo yeye sehemu kubwa ya stori ameiweka usiku.

Na kingine ambacho watu wengi hawakigundui, angalia midomo. Kwa kawaida Japani wanachora kwanza halafu waigizaji wanakuja kuingiza sauti, ndo maana midomo kwenye anime nyingi inafunguka inafunga tu. Hapa sauti zilirekodiwa kwanza, wachoraji wakafuata sauti. Rudi uangalie Kaneda anapobishana na mtu, mdomo unatamka kabisa.

Kuhusu kutoelewa, mimi nimeiangalia zaidi ya mara kumi na mara ya kwanza sikuelewa hata robo. Sikujali. Nilikuwa naangalia moshi unavyojikunja.

---

Bint_Tarumbeta:

Naomba nitofautiane kidogo na nyie wote wawili, stori ipo na kwakweli ni nyepesi, ila imefukiwa chini ya vitu vingi.

Sahau kwanza kanali, sahau mbunge, sahau waasi. Wewe shika watu wawili tu, Kaneda na Tetsuo. Wamekua pamoja, watoto wasio na wazazi, na toka siku ya kwanza Kaneda ndo mkubwa na Tetsuo ndo wa kuokolewa. Sasa rudi ile sini ya mwanzo kabisa nje ya baa, Kaneda anatoka anamkuta Tetsuo amekaa kwenye ile pikipiki nyekundu anaichezea chezea, Kaneda anamwambia hii huiwezi wewe, ukiitaka sana kaibe yako. Inapita haraka kama utani wa marafiki. Lakini muvi nzima ndo hiyo hapo. Mtu aliyeambiwa hii huiwezi amepewa nguvu ya kuvunja jiji, unategemea afanye nini? Cha kwanza akitoroka hospitali anafanya nini? Anaiba pikipiki ya Kaneda. Hakwenda kutafuta pesa wala kulipiza kisasi kwa jeshi, ameenda kuchukua pikipiki!

Na mwisho kule Kaneda anapomezwa na ule mwanga anaona kumbukumbu za Tetsuo akiwa mtoto, mgeni, wenzake wamemnyang'anya mdoli wake, Kaneda anamrudishia. Ndo siku walipojuana. Mi hapo nililia, sioni aibu kusema. Kumbe kwenye kumbukumbu zote za Tetsuo ile ya kuokolewa ndo imekaa mahali pa ndani kabisa, na ndo hiyo hiyo iliyomuuma maisha yake yote.

Ukiishika hii kamba hutapotea tena, yale mengine yote ni mvua inayonyesha kwenye jiji wanaloishi.

---

Mzee_wa_Manga:

Bint_Tarumbeta umesema vizuri sana ila kumwambia mtu asahau nusu ya muvi ili aielewe, hapo si ndo ushahidi kwamba kuna tatizo?

Tatizo lenyewe liko hivi. Akira ni manga kwanza, yaani kitabu cha katuni cha Kijapani, Otomo mwenyewe ndo mwandishi na mchoraji, ilianza kutoka kwenye jarida la Young Magazine mwaka 1982 na ikaisha 1990. Angalia hiyo miaka. Muvi imetoka Julai 1988, yaani manga ilikuwa haijaisha! Mwisho wa muvi ulitungwa kabla mwisho wa kitabu haujachapishwa. Na manga yenyewe ni vitabu sita vinene, kurasa zaidi ya 2,000, unaziingiza vipi kwenye saa mbili na dakika nne bila kukata nyama.

Kwenye manga Akira yupo hai. Ni mtoto mdogo, kimya, haongei, anaamshwa katikati ya stori halafu jiji zima linaanguka, na nusu nzima iliyobaki ni maisha kwenye vifusi, Tetsuo anatawala upande mmoja wa jiji kwa jina la Akira. Yote hayo kwenye muvi hayapo, Otomo amechukua mwanzo na vipande vya mwisho akashona pamoja. Yule bibi wa dini unayemuona barabarani anapiga kelele, anaitwa Miyako, kwenye manga ni mtu mzito sana, anajua siri zote, wewe ukauliza swali anakujibu. Kwenye muvi amebaki na sekunde chache. Kwahiyo ulipojiuliza hawa watu wa dini wanatokea wapi, ulikuwa na haki, jibu liliachwa kwenye karatasi.

Wale watoto watatu, Kiyoko namba 25, Takashi 26, Masaru 27, namba zimeandikwa viganjani mwao. Akira alikuwa 28. Wote ni watoto wa mradi mmoja wa serikali, Akira nguvu zilimzidi ndo ukatokea ule mlipuko wa mwanzo wa muvi uliobomoa Tokyo, wakambomoa mwili wamchunguze, hawakupata jibu, wakamfungia kwenye baridi kali chini ya ardhi. Chupa ulizoziona ndo hizo.

Ushauri wangu, tafuta manga usome. Utairudia muvi ukiwa mtu mwingine.

---

nusu_saa_kabla:

Hapo kwenye Akira ni nini, kuna sini moja inajibu na wengi inawapita. Kaneda na Kei, yule binti wa waasi, wamefungiwa selo, Kei anaanza kuongea taratibu kama sio yeye (mi naamini ni Kiyoko anaongea kupitia kwake), anasema nguvu hii ipo ndani ya kila kiumbe toka mwanzo wa uhai, sasa ingekuwaje kidudu kama amiba kikapewa nguvu ya binadamu? Amiba haijengi nyumba wala daraja, inakula tu kila kilichopo mbele yake.

Sasa kumbuka Tetsuo alichogeuka mwisho. Linyama linalomeza kila kitu, mpaka Kaori aliyekuwa anampenda linambana ndani linamponda. Ndo amiba yenyewe, tuliambiwa saa nzima kabla.

Halafu angalia uliangalia toleo lipi. Daba za Kiingereza (sauti zilizoingizwa badala ya za Kijapani) zipo mbili, ya 1989 na ya 2001, na maneno hayafanani kabisa, hii sini ya selo ndo inaumia zaidi tafsiri ikiwa mbovu. Chukua sauti ya Kijapani na sabutaito nzuri.

---

Chumvi_Kidogo:

Wakuu nawaheshimu wote ila mimi nimesimama na mleta uzi. Kitu kikiwa kizuri kwa macho hakijapewa ruhusa ya kutojieleza. Mnasema soma manga, rudia mara kumi, tafuta tafsiri nyingine, muvi iliuzwa kama muvi, mtu amekaa saa mbili ana haki ya kuondoka na kitu kamili.

Na Kaori, samahani, hapo siwezi kuinyamazia. Yule binti tangu mwanzo anapigwa, anavuliwa nguo na wale Clowns, anamfuata Tetsuo kwa huruma, halafu anakufa kifo kile, na hatujawahi kuambiwa yeye ni nani wala anataka nini. Mara ya pili niliiangalia nikimfuata yeye tu na nikaona wazi kwamba muvi ilimhitaji ili aumie, basi. Wasanii waliotumia miezi kuchora vioo vinavyopasuka wangemtafutia dakika mbili za kuongea.

Saundi sina neno, hapo nawapa zote. Geinoh Yamashirogumi, kundi la watu wengi ambao kazi zao nyingine kabisa, madaktari, wanafunzi, wahandisi, wanapiga ala za mianzi za Bali na kuimba kama watawa. Ile ngoma ya mianzi ikianza pamoja na pikipiki mwili unasimama.

---

mchora_fremu:

Chumvi_Kidogo kwa Kaori uko sahihi na sina cha kukujibu.

---

Sayari_ya_Nne:

Wakuu nimerudi. Jana nimeirudia yote, Kijapani na sabutaito, nikiwa na maneno yenu kichwani, nikaona nisikae kimya.

Kwanza ile sini ya hospitali usiku. Mara ya kwanza niliichukulia kama kitisho tu, midoli inapanda kitandani kwa Tetsuo, dubu, sungura na kigari, inaungana inakuwa mikubwa kama ukuta, inavuja maziwa meupe. Safari hii nikamtazama Tetsuo mwenyewe. Anaogopa kama mtoto, anarudi nyuma, anakanyaga kioo, mguu unatoka damu, na midoli inapoiona damu inasambaratika, kumbe ni wale watoto watatu wako ndani yake na wameogopa damu kuliko yeye. Wote mle ndani ni watoto! Wenye sura za wazee na yeye mwenye nguvu, hakuna mtu mzima hata mmoja, watu wazima wako nje na mashine zao wanasoma grafu. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwanini kanali na mbunge wananipotezea muda, wanagombania kitu ambacho hata hawakioni.

Pili, ni kweli dada Bint_Tarumbeta, ile sini ya pikipiki nje ya baa. Nilikuwa nimeipita mzima mzima. Na kuna kitu nimekiona nikiifuata hiyo kamba yako, kule mwisho uwanjani Tetsuo ana joho jekundu begani, kitambaa tu amekiokota akajifunga. Nyekundu ile ile ya pikipiki na jaketi ya Kaneda. Sijui kama Otomo alikusudia ila mimi nimeiona na siwezi tena kutoiona.

Chumvi_Kidogo, hoja yako bado naibeba, na kuhusu siasa za mle ndani bado nasema zimebanwa mno, yule mbunge Nezu hata ukimfuta stori inafika. Mzee wangu wa Manga nimeanza kitabu cha kwanza leo asubuhi, niko ukurasa wa hamsini na kitu, pikipiki zimeshaanza kukimbia.

Swali moja limebaki. Mwisho kabisa Tetsuo akishapotea, kuna kamwanga kadogo kanashuka, Kaneda anakakinga kwa viganja viwili halafu kanazama. Kale ni nini?

---

Bint_Tarumbeta:

Mi kila nikiangalia naona ni yule mdoli. Safari hii Tetsuo ndo anamrudishia.