Naomba ushauri: mchango wa Barbara Liskov nauonyeshaje bila kuhesabu nukuu?

Mwanatasnifu:
Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa mwisho wa uzamili, tasnifu yangu inahusu mchango wa Barbara Liskov wa MIT katika lugha za programu na uhandisi wa programu. Sura ya pili imerudishwa mara mbili. Nilianza na Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, ile kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta, nikafuatisha medali ya John von Neumann ya 2004, kisha jedwali la machapisho yake na mara ngapi kila moja limenukuliwa. Msimamizi kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa umeonyesha alivyosifiwa. Alibadilisha nini?"

Swali hilo limeninyima usingizi wiki nzima. Kinachonikwamisha zaidi ni CLU, lugha aliyoibuni na wanafunzi wake miaka ya 1970. Sijawahi kukutana na mtu anayeiandikia programu. Nitasemaje ina mchango mkubwa na huku haitumiki? Huyu mama namheshimu mno, sitaki kumwandika kijuujuu.

FundiMkongwe:
Pole, mdogo wangu. Acha kuuliza nani anaitumia CLU, uliza nini kilitoka humo.

Chukua staki, yaani rundo la data ambalo kinachowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Ukiiandika bila ulinzi, ni safu ya namba na kihesabio kinachoonyesha kilele kiko wapi, na kipande chochote cha programu kinaweza kuingiza mkono katikati ya safu. Siku ukitaka kuhifadhi data kwa namna nyingine, unazunguka mfumo mzima kurekebisha. Mwaka 1974 Liskov na Stephen Zilles walipendekeza data ifungwe pamoja na shughuli zake, na wa nje wote wapitie shughuli hizo tu: weka juu, toa juu, basi. CLU ikaifanya hiyo kuwa sheria inayosimamiwa na kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika ili kompyuta ikielewe. Hata jina lake limekatwa kutoka "cluster", yaani hilo fungu la data na shughuli zake. Kwangu mimi huo ndio moyo wa sura yako.

Humo humo mlikuwa na aina za data zinazopokea vigezo (mfano orodha unayoiambia ibebe namba au maneno), utaratibu wa kushughulikia hitilafu, na iterata, yaani vipande vinavyokutolea thamani moja moja, zenye neno yield. Fungua lugha ya Python au C# leo, neno hilo utalikuta.

Mwl_Mstaafu:
Naungana na Fundi, ila kwenye yield tembea polepole. Kufanana si undugu. Waraka uliopendekeza yield katika Python mwaka 2001 unaitaja lugha nyingine, Icon, kwa hiyo ukiandika "Python ilichukua kwa CLU" jopo litakubana. Tena Liskov mwenyewe ameeleza kwamba wazo la iterata lilichochewa na mazungumzo na watu wa Alphard, lugha nyingine ya utafiti kule Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Liandike hilo wazi. Halimpunguzii kitu, linaonyesha wazo lilivyosafiri na yeye aliliongezea nini. Kila unapodai urithi, tafuta mbunifu wa lugha husika akikiri kwa maandishi yake.

DadaWaMifumo:
Mimi niseme kutoka kazini, kwa sababu uhandisi wa programu mmeusahau.

Tulikuwa na klasi (kiolezo cha data na shughuli zake) ya Faili yenye shughuli za kusoma na kuandika. Mwenzetu akatengeneza klasi mtoto inayorithi kwake, FailiLaKusomaTu, na ile shughuli ya kuandika akaifanya irushe hitilafu. Kompaila haikulalamika. Usiku ule kazi ya kuhifadhi nakala ikapokea hilo la kusoma tu mahali pa Faili mzazi, ikaanguka katikati, na tukakesha. Asubuhi mkubwa wetu alisema neno moja tu: "Liskov." Kila mtu mezani akaelewa: mtoto akiwekwa mahali pa mzazi, anayemtumia asishtukizwe. Tukatenganisha kusoma na kuandika.

Mdogo wangu, jina la mtafiti likishakuwa neno la kazi wakati wa kukaguana msimbo wa programu, hakuna jedwali la nukuu linaloweza kukuonyesha hilo. Kanuni hiyo ya mtoto na mzazi ndiyo L katika zile kanuni tano za kubuni programu ziitwazo SOLID. Ukiweza, wahoji wahandisi, waulize lini mara ya mwisho walilitumia jina hilo na kwa kosa gani.

Mwanatasnifu:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Dada, wazo la kuwahoji wahandisi nimelichukua. Mfano nitumie ule wa mraba na mstatili, ambapo mraba unafanywa mtoto wa mstatili? Unaweka upana 5, kisha urefu 4, unategemea eneo 20, lakini mraba unakupa 16 kwa sababu kila upande unauburuta mwenzake.

Mwl_Mstaafu:
Utumie kufafanua, lakini usimbebeshe Liskov. Makala aliyoandika na Jeannette Wing mwaka 1994 ina mfano wa staki na mfuko (mkusanyiko wa vitu usio na mpangilio): staki inakubalika kama aina ndogo, yaani mtoto, ya mfuko, kwa kuwa mfuko hauahidi kitu gani kitatoka kwanza. Soma hapo taratibu, na karatasi iwe mkononi. Halafu angalia tarehe: hotuba yenye kanuni hiyo aliitoa 1987, ikachapishwa 1988, na maelezo ya kihisabati yaliyokamilika ndiyo hayo ya 1994. Wengi huzichanganya.