Samadi ya farasi imeniharibia nyanya na maharage, naombeni ushauri

MamaMchicha
Habari zenu wakuu. Niko Uingereza karibu na Leicester, mwaka wa tatu sasa nina kibustani nimekodi halmashauri, nalima mchicha, sukuma, nyanya, maharage na mahindi kidogo. Mwezi wa tatu nikaambiwa kuna zizi la farasi wanatoa samadi bure, nikabeba mifuko kama 20, nikamwaga kwenye matuta manne nikachanganya na udongo. Sasa nyanya majani ya juu yamejikunja kama kikombe, ncha zimekuwa nyembamba kama majani ya karoti, shina limepinda kama kuna mtu kalinyonga. Maharage yameota ila majani yamefinyaa hayafunguki. Cha ajabu mahindi na sukuma kwenye tuta hilohilo viko safi kabisa! Tuta la tano sikuweka samadi, nyanya zake mbegu ileile siku ileile, ziko poa. Nimelia jamani, hiyo miche nimeilea dirishani toka mwezi wa pili. Shida nini na hiyo ardhi nifanyeje?

KitunguuMangola
Pole dada. Hiyo si rasta kweli, ule ugonjwa wa nyanya kujikunja majani? Huku inzi weupe wakiingia nyanya inajikunja hivyohivyo

BwanaShamba_Moro
Sio rasta mkuu. Inzi mweupe hawezi kuchagua matuta manne yenye samadi akaacha la tano, na maharage nayo yameumia namna ileile. Hiyo ni dawa ya magugu. Kuna aminopiralidi, klopiralidi na pikloramu, zinapigwa kwenye malisho kuua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Mnyama anakula majani makavu yaliyokatwa kwenye malisho hayo, dawa inapita tumboni bila kuvunjika inatoka na kinyesi na mkojo, na kwenye nyasi za kulalia imo pia. Kiasi kidogo mno, sehemu chache tu kwa bilioni, kinatosha kuharibu nyanya. Mahindi ni jamii ya nyasi ndo maana yamepona, sukuma na kabichi zinavumilia. Zinazoumia zaidi ni maharage, njegere, nyanya, viazi.

Kijana_wa_Luton
Dada pole sana, yalinikuta na mimi. Huku Uingereza 2008 watu wengi sana waliharibikiwa bustani mpaka aminopiralidi ikasimamishwa, baadaye ikarudishwa kwa masharti. Ng'oa zilizopinda, okota mabonge ya samadi ambayo hayajaoza, halafu pindua udongo kila baada ya wiki mbili na usiuache ukauke. Mimi nilipanda mahindi msimu mzima.

Zuhura_Ohio
Si airundike tu hiyo samadi iwe mboji, ikae mwaka mmoja dawa itaisha?

BwanaShamba_Moro
Hapana dada, kwenye rundo hewa ni kidogo, dawa inakaa muda mrefu. Vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoivunja na vinataka hewa, joto na unyevu, inaweza kuchukua miezi au zaidi ya mwaka. Na mabua ya mahindi kutoka hapo usiyatie kwenye mboji, utairudisha dawa bustani nzima. Kabla ya kupanda nyanya tena pima na maharage: makopo matatu udongo wa tuta lile, matatu udongo safi, kila kopo na kisahani chake maji yasihamie kwa jirani. Subiri wiki tatu nne, majani yakijikunja bado imo.

MamaMchicha
Asanteni sana ndugu zangu, nimeelewa. Jana nimeenda zizini nikawauliza, wanasema majani makavu ya farasi wananunua kwa mtu, alichopulizia hawajui. Wale hawana kosa la makusudi ila kweli imeniuma, mtu anagawa kitu asichojua kina nini. Makopo sita ya mtindi nimeshapanda maharage leo asubuhi. Nyanya nimezing'oa zote 22. Je mifuko sita iliyobaki haijafunguliwa niitupe wapi?

Kijana_wa_Luton
Usimpe mtu mwingine. Warudishie wenyewe waimwage kwenye malisho yao, nyasi haitadhurika.