Nina kifafa, wakwe watarajiwa wananitengea kikombe: naombeni ushauri

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni binti, fundi cherehani hapa Mafinga. Nina kifafa tangu utotoni. Natumia kabamazepini, na tangu nizingatie dozi sijaanguka muda mrefu. Mchumba anajua, hana neno. Shida iko kwao Makete. Mama yake kasikia, sasa nikienda kikombe changu kinawekwa kando, eti povu linaambukiza. Haliambukizi, lakini nani anasikiliza? Shangazi yao anataka niache vidonge nipelekwe kwa mganga. Hapo sikubali, maana kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Mlioolewa mkiwa na hali hii, nani aliongea na wakwe: ninyi, mshenga, au mliwapeleka kliniki wakamsikilize daktari? Kikao cha mahari ni mwezi ujao.