Vyakula vya pakiti: tuanze kuondoa kipi kwa watoto, na tuweke nini mahali pake?

Baba Pendo (Migosi, Kisumu)

Habari zenu. Nina swali la jikoni, na naomba kabla hamjanitumia picha za parachichi juu ya mkate wa bei mbaya mnisome mpaka mwisho. Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kibuye. Mke wangu ni muuguzi, na zamu za usiku hazimwishi. Tuna watoto wawili, Pendo wa gredi ya tano na mdogo wake wa PP2 (chekechea), na shemeji yangu wa kike anakaa nasi akisoma chuo.

Maneno yalianza mke wangu alipopelekwa kufanya kazi kliniki ya kisukari. Tangu hapo hakuna pakiti inayoingia kabatini kabla ya kusomwa mgongoni kama hati ya shamba. Sikatai, anayoyaona kazini si mchezo. Ila sasa nyumba ina mabishano.

Siku yetu iko hivi. Asubuhi ni chai ya maziwa, mkate mweupe na majarini. Mdogo hataki mkate, anataka zile nafaka za boksi zenye chokoleti ambazo shemeji alimzoesha. Sneki ya saa nne ni biskuti na juisi ya pakiti, kwa sababu shule imekataza chochote chenye mchuzi, eti madaftari yanaloa. Mchana wanakula shuleni, githeri au wali na maharagwe, hapo sina neno. Saa kumi wakishuka kwenye basi la shule wanamkuta yule kijana wa smokie, zile soseji za moshi, na kigari chake, karibu kabisa na geti letu. Usiku ndio tunakula kama watu: ugali, osuga (mnavu) au sukuma, omena, mbuta mshahara ukiingia. Isipokuwa kila mchuzi lazima utiwe ule unga wa viungo wa pakiti, la sivyo Pendo anasukuma sahani.

Kwa hiyo msinielimishe kuhusu chakula cha usiku. Kinachonishinda ni saa kumi na mbili asubuhi, mama watoto bado yuko wodini na mimi natafuta soksi ya pili, halafu saa kumi jioni nyumba haina mtu mzima. Kila ushauri ninaousoma umeandikwa ukidhani kuna mtu amekaa jikoni siku nzima akisubiri kumenya kitu.

Naomba mnisaidie pia kumaliza ubishi. Shemeji anasema kila kilichopita kiwandani ni sumu, hata unga wa ugali, hata maziwa ya pakiti. Mke wangu anasema la. Mimi niko katikati na ndiye ninayetoa pesa.

Halafu kuna mama mkwe. Akija kutoka Siaya hakosi soda kubwa na biskuti za wajukuu. Mnajua mila zetu, mimi si wa kumwambia mama mkwe alete hiki aache kile.

Lishe_Kakamega

Baba Pendo, salamu. Mimi ni afisa wa lishe, na hilo la unga naulizwa karibu kila kliniki. Mke wako yuko sahihi.

Kupita kiwandani peke yake hakukifanyi chakula kuwa kibaya. Mgawanyo tunaoutumia unaitwa NOVA. Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walianza kuueleza mwaka 2009, na leo una makundi manne. Unga wa mahindi, mchele, maziwa ya pakiti yaliyochemshwa tu na omena za kuanikwa ziko kundi la kwanza. Mafuta, sukari na chumvi ni kundi la pili, ni vya kupikia. La tatu ni vyakula vya kawaida vilivyotiwa chumvi, sukari au mafuta, kama samaki wa chumvi au mkate wa unga, hamira, maji na chumvi. La nne ndilo linalowapiganisha: vitu vilivyoundwa kwa wanga uliobadilishwa, sharubati ya glukosi, mafuta yaliyogandishwa, rangi na ladha za kutengeneza. Nafaka za boksi, juisi ya pakiti yenye rangi na ladha za kutengeneza, smokie, biskuti na ule unga wa viungo vyote vimo humo. Mkate wa dukani mara nyingi nao umo, lakini orodha ya viambato ndiyo itakayokuambia.

Na shemeji ajue kwamba unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti, pamoja na mafuta ya kupikia, sheria ya Kenya inataka viongezewe virutubishi tangu 2012. Ugali wako uache hapo ulipo.

Kwa nini kundi la nne linatupa wasiwasi? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 wodini. Wiki mbili wakapewa vyakula vya kundi hilo, wiki mbili vya kawaida, na milo ikasawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzi. Kila mmoja alikula mpaka akatosheka. Kwenye vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, tena kwa haraka, na uzito ukapanda karibu kilo moja. Wakati wa vyakula vya kawaida ukashuka karibu kiasi hicho hicho.

Ukiniuliza uanze na kipi, nasema vinywaji. Soda ya chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na nyingi ya hizo juisi haziko mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2015 lilipendekeza sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayekula kalori 1600 hiyo ni gramu 40, na chai ya asubuhi hujaihesabu. Maji hayahitaji kupikwa saa kumi na mbili. Yatiwe tu kwenye chupa.

Cha pili ni smokie. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za aina hiyo, za kutiwa chumvi na dawa za kuhifadhi, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Walikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Angalia hilo neno kila siku. Smokie ya sherehe isikunyime usingizi. Ya kila jioni ndiyo ya kuangalia.

Omundu_wa_Bungoma

Sisi tulilelewa na mkate na majarini na tuko hapa tunaandika. Watu wa mjini mnapenda kujitafutia hofu. Mimi niliacha sukari nyeupe tu, natumia sukari nguru, basi. Inatoka kwa miwa yetu, haina kemikali. Shida iko wapi?

Lishe_Kakamega

Ndugu yangu, sukari nguru ni tamu kwenye chai na mimi naipenda, lakini mwilini inahesabiwa kama sukari. Na zamani mkate ulikuwa wa Krismasi kwa wengi wetu. Asubuhi tulikula kiporo cha viazi vitamu.

MamaVitafunio (Nakuru)

Baba Pendo pole na kazi. Mimi nauza vitafunio mtaa wa Section 58, kwa hiyo saa kumi na mbili ya kwako kwangu ni saa tano asubuhi, nishachoka.

Siri ni kwamba saa hiyo hakuna anayepika. Unapasha. Viazi vitamu na nduma nachemsha usiku na maganda yake, sufuria moja, ugali ukiwa umeshatoka. Asubuhi watoto wanamenya wenyewe. Bei ya mkate mmoja sokoni inakupa viazi vya kulisha nyumba asubuhi mbili, tena hukaa tumboni mpaka hiyo saa nne yenyewe. Uji wa wimbi nao pika usiku, mimina ukiwa unachemka kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa na maji moto, utaukuta moto kabisa alfajiri.

Sneki kavu zipo tele! Yai la kuchemsha, ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha yaliyopukuchuliwa, karanga, kipande cha chapati kilichokandwa na boga. Mandazi ya nyumbani pia, lakini usijidanganye, yana mafuta na sukari, mimi nayauza najua. Wape siku moja moja.

Lakini mbona hujamwona vizuri huyo kijana wa kigari? Hapa kwetu wengi wanaouza smokie pasua wanauza na mayai pasua, kachumbari ni ile ile. Ongea naye. Mwambie watoto wako ni yai, na umlipe wiki nzima mbele. Watoto hawatalia, kwa sababu wanachopenda pale ni kusimama na wenzao na kachumbari yenye pilipili. Mwambie tu ile tomato ya chupa asiimwage kama maji.

Ule unga wa viungo usiutoe siku moja, utagomewa. Wiki hii tia nusu pakiti, ijayo robo. Kazi yake uifanye na kitunguu: kikaange polepole mpaka kiwe kahawia, siyo kile cha kuonyeshwa moto tu. Kisha vitunguu saumu, tangawizi, nyanya zilizoiva za kutosha mpaka mafuta yajitenge, na dania mwishoni wakati unaepua. Watu wengi wanatia pakiti kwa sababu nyanya ni mbili na hazijaiva.

Nyar Seme

Mwanangu, nimesoma yote. Ongeza nyoyo kwenye hiyo orodha. Loweka mahindi na maharagwe usiku wa Ijumaa, Jumamosi mwaga hayo maji, uchemshe kwenye makaa mpaka yaive sawasawa. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu kwanza, yasipikwe kwa moto wa kuvuta tu, yataumiza matumbo. Saa kumi mtoto mkubwa anapasha, anatia chumvi kidogo, wanakula. Gredi ya tano anaweza kuwasha jiko la gesi ukimfunza.

Mambo ya mama mkwe usiyaguse wewe. Binti yake ndiye aseme, na asiseme kwa kukataza. Ampigie kabla hajasafiri, amwambie: mama, watoto wanaulizia karanga zako na rabuon (viazi vitamu) za shamba, za hapa mjini hazina ladha. Ataziacha hizo biskuti dukani mwenyewe, kwa sababu mkono wake utakuwa na mzigo bora. Na soda akija nayo moja, kunyweni na mgeni wenu, mshukuru.

Lishe_Kakamega

Mama amenena, ila kwenye karanga na mahindi ya nyumbani niweke tahadhari, maana watu wakikimbia pakiti husahau kwamba hata shambani kuna hatari. Kuvu wa nafaka wana sumu inayoitwa aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huko Ukambani yaliwalaza watu 317, na 125 wakafariki. Mahindi ya kusagisha yakauke, unyevu usizidi asilimia 13.5, na yasikae sakafuni. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu tupa. Kukaanga hakuondoi sumu hiyo. Na unga wa uji usiuchanganye vitu kumi, omena, soya, karanga, mihogo, kama wanavyouza sasa. Kimoja kikiwa na kuvu kimeharibu wote, na hutajua ni kipi. Saga wimbi na mtama kidogo, hivyo vingine watoto wavile kwenye sahani.

Baba Pendo (Migosi, Kisumu)

Erokamano mama, na asanteni wote. Mke wangu amesoma haya akiwa kwenye mapumziko ya zamu, ameniandikia neno moja tu: "Nilikuambia."

Kijana wa kigari nimeongea naye leo jioni. Amekubali, tena amesema kuna mzazi mwingine alishamwomba vivyo hivyo. Pendo ameuliza kama yai linaweza kuwa mawili. Juisi tumeacha kununua, chupa za maji zimepata majina yao. Shemeji bado anasema majarini ni sumu, kwa hiyo ataanza yeye kuchemsha viazi vitamu usiku, nimempa hiyo kazi na ameichukua kwa hasira.

Aliyebaki ni huyu wa PP2. Boksi la nafaka limebaki robo na sinunui lingine, lakini uji wa wimbi ameuonja akautema, anasema ni wa rangi ya matope. Nifanyeje? Na nyoyo ikibaki, friji yetu ni ndogo, inakaa siku ngapi?

Nyar Seme

Huyo mpe uji wa mahindi meupe kwanza, utie wimbi kijiko kimoja, kisha viwili, rangi ibadilike asijue. Ponda ndizi mbivu ndani yake au mtilie maziwa mala, sukari utaipunguza bila kelele. Asipokunywa, mpe kiazi na chai, usimbembeleze. Nyoyo ya kwenye friji tunakula siku tatu, ikizidi hapo nawapa kuku.

MamaVitafunio (Nakuru)

Na kama friji ina kile kichumba cha barafu, gawa nyoyo kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja kabla hujatia chumvi, ikae humo. Asubuhi toa mfuko mmoja uweke chini kwenye friji, saa kumi Pendo atapasha. Huyo mdogo akikataa kila kitu niambie, nina namna ya chapati ya boga ambayo hajazaliwa mtoto wa kuikataa.