Besi inazama zamu ya solo ikifika: nifanyeje isikike?

Besi_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Tunapiga dansi na taarab kwenye kumbi na harusi hapa Tanga mjini: drams, gita la solo, rizimu, kinanda, besi na waimbaji wawili. Besi yangu ina nyuzi nne na pikapu mbili (vinasa mtetemo wa nyuzi), haitumii betri. Amplifaya ni ya wati 150, spika moja ya inchi 15, na kebo ya kwenda kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti za ukumbi) inatoka kwenye tundu la DI, la kutolea sauti ya besi moja kwa moja, nyuma ya amplifaya. Wakati wa kusindikiza waimbaji besi inakaa vizuri. Zamu ya solo ikifika napandisha volyumu, lakini ukumbini watu wanapata ngurumo tu, noti hazitambuliki. Kuna anayesema ninunue amplifaya ya wati 300. Ndiyo dawa?

NyuziNne
Usitoe hela bado. Kutoka wati 150 kwenda 300 unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linataka kama desibeli 10 ndipo lione sauti imekuwa maradufu. Nguvu unayo, ila umeiweka pasipofaa.

Uzi mtupu wa E unatoa 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), A 55, D 73, G 98. Huko chini ndiko iliko dramu ya mguu, ndiko uliko mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, na ndiko kuta za saruji zinakovumia. Ukipandisha volyumu unakwenda kujazana nao. Kinachomwezesha msikilizaji kuitambua noti kiko juu zaidi, kati ya 500 Hz na 1 kHz. Wapiga besi wengi hupunguza hapo wakifanya mazoezi peke yao, maana chumbani besi inanona. Bendi ikiingia, imekwisha.

Anza na vya bure. Pikapu mbili za aina ya Jazz Bass zikifunguliwa zote hadi mwisho, sauti za kati zinafutana kiasi. Zamu yako ikifika, teremsha ya mbele hadi nusu, ya nyuma iache wazi, na nobu ya toni ifungue yote. Mkono wa kulia usogeze nyuma, karibu na chuma kinachoshika nyuzi. Noti inakuwa kavu, lakini inachomoza. Kwenye amplifaya punguza besi desibeli 2 au 3, pandisha sauti za kati kama 4. Ikiwa ina nobu ya kuchagua masafa, iweke karibu na 800 Hz.

FundiMitambo
NyuziNne kasema kweli, ila kuna jambo litakalomwangusha. Mkuu, tazama kando ya hilo tundu la DI kama kuna kiswichi cha PRE (kabla ya nobu za toni) na POST (baada yake). Kikiwa PRE, nobu zote za toni ulizozungusha kwenye amplifaya haziendi kwenye mikisa hata kidogo. Utajisikia wewe na mpiga drams, ukumbi hausikii kitu. Weka POST. Na hata hapo, kwenye amplifaya nyingi volyumu kuu haiigusi DI, inaongeza spika ya jukwaani tu. Kwa maelezo yako naamini ngurumo inatokea hapo: spika kuu zimebaki vilevile, jukwaa ndilo linalounguruma.

Msimtegemee fundi wa mikisa awapandishie sauti za kati pia. Mikisa ndogo nyingi nobu ya katikati imefungwa kwenye 2.5 kHz, na kwa besi utaongeza mkwaruzo wa vidole kuliko noti. Kazi ifanyike kwenye pedali, kabla ya amplifaya, ndipo ifike kote.

Besi_Ngamiani
Shukrani sana. Kiswichi kipo, kimekaa PRE! Pedali ninazo kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) na ovadraivu (ya kukwaruza sauti). Niongeze ipi, na nizipange vipi?

NyuziNne
Ongeza ikwalaiza ya besi (pedali ya kupandisha na kushusha masafa), na iwe ya mwisho: besi, chuna (kifaa cha kupimia nyuzi), kompresa, ovadraivu, ikwalaiza, amplifaya. Mpangilio huu usiuchezee. Ukiiweka kabla ya kompresa, kompresa inaimeza: ikiwa uwiano ni 4:1, desibeli 8 zilizovuka kizingiti (kiwango inapoanza kubana) zinatoka 2 tu. Ukiiweka kabla ya ovadraivu unapata mikwaruzo zaidi, wala sauti haipandi sana.

Mfano kwa Boss GEB-7, kwa kuwa ina kitelezi cha 800 Hz: 50 Hz shusha desibeli 3, 120 acha katikati, 400 acha, 500 pandisha 3, 800 pandisha 5, 4.5 kHz pandisha 1. 10 kHz shusha 4, maana huko kuna mlio wa "shhh" tu. Level (kitelezi cha sauti yote) pandisha 3. Usipandishe 400, 500 na 800 kwa pamoja hadi juu, zinajumlishana na besi itasikika kama redio ya mkulima. Unaikanyaga mwanzo wa solo, unaikanyaga tena mwisho.

Ovadraivu kwenye solo ni hiari. Kama haina nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, iache, itakunyang'anya uzito wote wa chini. Umeme ni volti 9, hasi iko katikati ya plagi. Adapta ya kubahatisha yenye chanya katikati inaweza kuua pedali.

Kinanda_Chumbageni
Mnazungumza pedali kana kwamba anapiga peke yake. Nusu ya tatizo ni sisi wengine. Besi inapochukua solo, gita la solo linyamaze. Rizimu apande nyuzi tatu za juu na apige kwa kukata, asiburuze. Drams ahamie hai-hati iliyofungwa, aache kupasua matoazi. Kinanda aondoe mlio wa fidla uliojaa katikati, kwa sababu ndio unaogombania zile 800 Hz zenu. Sikilizeni taarab ya zamani ya Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga: vyombo vichache, besi unaifuata noti kwa noti.

Mpiga besi naye apande juu ya freti ya 7 kwenye D na G. Freti ya 12 ya G ni 196 Hz, hapo dramu ya mguu haikufikii.

NyuziNne
Nakubali, ila besi ikipanda, chini kunabaki tupu na wachezaji wanapoteza mguu. Mkono wako wa kushoto kwenye kinanda ushike noti moja ya msingi, ndefu, kwa sauti ndogo.

Kinanda_Chumbageni
Kwenye dansi sawa. Kwenye taarab naona dramu ya mguu inatosha. Nikishika hapo chini narudisha ngurumo ileile.

Mwambao_4
Mmesahau nyuzi. Upepo wa chumvi wa huku unazila haraka, na uzi uliokufa hupoteza zile sauti za kati na za juu kwanza, hivyo pedali haina cha kupandisha. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, baada ya kupiga. Seti ya unene wa 45 hadi 105 ya chuma kisichoshika kutu inadumu kuliko ya nikeli, ingawa inakwaruza freti zaidi. Kuchemsha nyuzi kuukuu dakika kumi kunatoa mafuta na uchafu, sauti inarudi kwa muda mfupi. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha.

FundiMitambo
La mwisho kwa upande wa mitambo: wakati wa kupima sauti, gein ya mikisa (kiasi cha sauti inayoingia) ipangwe ikwalaiza ikiwa IMEWASHWA na unapiga kwa nguvu ya solo. Ikipangwa ikiwa imezimwa, siku yenyewe taa nyekundu itawaka na noti zitapasuka. Kisha mpe mtu mwingine besi apige, wewe nenda ukasimame nyuma ya ukumbi. Ukisikia noti lakini inachoma kidogo, iache hivyo. Watu wakijaa wananyonya sauti za kati na za juu, itatulia yenyewe.